Mti Umefanyiwa Nini?

 

Kila mwaka nchi yetu ina siku ya kupanda miti. Viongozi wanashika majembe, wanafunzi wanabeba miche, na kila halmashauri inatakiwa kufikisha miche milioni 1.5 kwa mwaka. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini wala hatusubiri kuhimizwa. Mufindi peke yake ina Shamba la Miti la Sao Hill, lenye eneo la zaidi ya hekta 135,000, na pembeni yake wapo wakulima wadogo wenye ekari zao mbili tatu za mipaina na milingoti. Njombe, kampuni ya miwati iko tangu 1949. Kupanda tunajua.

Tusichokuwa nacho ni siku ya kukagua tulichokwisha kupanda, hasa miti iliyo hatua chache kutoka ukuta wa chumba wanacholala watoto. Mche ukishashika, tunauacha ujilee. Miaka inapita, halafu usiku mmoja wa mvua mti unalala juu ya bati, na asubuhi majirani wanakubaliana kwamba upepo wa jana haukuwa wa kawaida.

Leo nataka kubishana kidogo na kauli hiyo. Upepo unasukuma, sikatai. Lakini katika mtaa uleule, usiku uleule, upepo uleule ulipita kwenye miti mingine na ikabaki imesimama. Ule ulioanguka mara nyingi ulikuwa umejeruhiwa kitambo, na walioujeruhi ni sisi wenyewe: jembe letu, moto wetu, panga letu, au biashara yetu ya mbao. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mti wa nyumbani kwako umekuwa hatari, usianze kuuliza una umri gani wala una urefu gani. Uliza kwanza umefanyiwa nini.

Tuanzie chini. Watu wengi wakiambiwa wakague mti huinua macho kwenye matawi. Wenye uzoefu huinama. Mizizi inayoushikilia mti haizami sana kama tunavyodhani. Sehemu kubwa imetandaa katika mita moja ya juu ya udongo, na inakwenda mbali kupita kivuli cha matawi. Sasa fikiria ua wako. Mwaka juzi ulichimba msingi wa banda la uani. Mwaka jana ukachimbwa mtaro wa bomba la maji. Kabla ya hapo ulijengwa uzio. Kila mara fundi alikutana na mzizi mnene, akaupiga shoka, akaendelea na kazi yake. Hakuna aliyekuita kukuonyesha, na wewe hukuuliza.

Na mti mwaka ule haukuonyesha chochote. Hapo ndipo tunapodanganyika. Majani mabichi hayathibitishi kwamba mti una mshiko. Mizizi myembamba iliyobaki inaweza kuulisha mti ukaendelea kustawi na kumwaga maua, huku mizizi minene iliyokuwa ikiushikilia imekwisha kuoza kutokea pale ulipokatwa. Kuoza huko kunachukua miaka. Ndiyo maana mti unaanguka wakati mwenye nyumba amekwisha kusahau kwamba pale palichimbwa mtaro. Ukiwa na mti uliokatwa mizizi upande mmoja, hasa ule upande unaotoka upepo, weka kumbukumbu hiyo kichwani, na kila mwaka uutazame kwa jicho la pili.

Jambo jingine la chini ni moto. Sijui nani alitufundisha kuchomea takataka chini ya mti. Pengine ni kwa sababu ya kivuli, pengine kwa sababu majani huanguka palepale na tunayafagilia shinani. Gome likiungua, sehemu hai iliyo chini yake inakufa. Baada ya muda gome linabanduka, mbao inabaki wazi, na uozo unaingia kuelekea kwenye kiini. Pita mitaa yetu, iwe Kihesa au Mwanjelwa, utaona mijakaranda na migrivea yenye kovu jeusi la pembetatu kwenye shina, usawa wa goti. Kovu hilo ndilo jalala la miaka kumi. Ligonge kwa mpini wa jembe, kisha gonga upande wa pili ulio mzima. Mlio wa upande mzima ni mkavu na mfupi. Ukisikia mlio mzito wa kitu chenye uwazi ndani, umepata jibu la kwanza.

Nasema la kwanza, kwa sababu uwazi peke yake hauuhukumu mti. Ukishuka Kitonga kwenda Mbuyuni utaona mibuyu yenye mapango ndani yake, nayo imesimama. Kwa miti ya kawaida, kipimo ambacho wataalamu wengi wanakitumia ni ukuta wa mbao nzima uliobaki. Ukipima kutoka katikati ya shina hadi nje, mbao nzima ikipungua chini ya theluthi moja ya umbali huo, mti umeingia katika hatari. Na kama uwazi huo umepasuka na una mdomo mpana upande mmoja, hatari inakuja mapema zaidi.

Uyoga nao una habari zake. Sizungumzii uyoga unaoota kwenye majani makavu baada ya mvua. Nazungumzia ule mgumu, unaojitokeza kwenye shina au kwenye mizizi mikubwa kama sikio, na ukiung'oa mwaka huu mwaka ujao unarudi palepale. Unachokiona nje ni tunda tu. Mwili wake uko ndani ya mbao, unakula. Uyoga wa namna hiyo ukitokea kwenye kitako cha mti ulio karibu na nyumba, mwite mtaalamu.

Sasa tuje kwenye kuinama. Si kila mti ulioinama ni mbaya. Mti ulioinama tangu utotoni, ukitafuta jua, hujirekebisha. Shina linaanza kwa kulala, halafu linapinda na kilele kinatazama juu. Mti huo umejenga mbao na mizizi ya kujizuia. Wa kuogopwa ni ule ulionyooka moja kwa moja, lakini wote umelala upande mmoja, na mwaka jana haukuwa hivyo. Nenda upande wa pili, yaani upande ambao mti unaukimbia, utazame ardhi. Ukikuta udongo umeinuka, au una ufa unaozunguka kitako cha mti kwa umbali wa hatua moja au mbili, mizizi imeanza kung'oka. Hapo hakuna cha kusubiri. Toa watu kwenye chumba kilicho upande wa maangukio siku hiyohiyo, kisha ndiyo utafute fundi.

Msimu wetu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Maana yake ni kwamba kufikia Machi udongo umekunywa maji miezi minne mfululizo, na udongo ulioloa haushiki mizizi kwa nguvu ile ya Oktoba. Aprili 2024 tuliona Itezi, pale Mbeya, tope lilivyoporomoka kutoka Mlima Kawetere likafukia nyumba. Lile lilikuwa suala la mlima, si la mti mmoja, lakini lilitukumbusha udongo wetu unavyobadilika tabia ukishiba maji. Wenzetu wa kusini mwa Uingereza walipata somo kama hilo Oktoba 1987. Dhoruba ya usiku mmoja iliangusha miti inayokadiriwa kufika milioni 15. Upepo ulikuwa mkali, ndiyo, lakini pia ardhi ilikuwa imelowa kwa mvua za siku nyingi, na miti bado ilikuwa na majani, ikakamata upepo wote. Milingoti na mipaina yetu haipukutishi majani ikabaki mitupu. Inakuwa na majani mwaka mzima, na mvua kubwa ikija inaikuta imevaa kikamilifu.

Na sasa naomba tusimame pamoja mbele ya kisiki cha mlingoti, maana hiki ni kisa chetu hasa. Mzee alikata mlingoti wake akauza nguzo. Kisiki kikachipua, yakatoka machipukizi sita saba. Hakuyapunguza, au alipunguza yakabaki matatu, akasema hayo ni ada ya shule ya wajukuu. Leo kila chipukizi limekuwa mti wa mita 20, na kwa mbali unaona miti mitatu mizuri iliyonyooka. Inama utazame pale inapoanzia. Katikati ya kisiki pamekuwa shimo jeusi linalotuama maji, ukiingiza kijiti kinazama bila kukwama. Yale machipukizi hayakuota kutoka kwenye kiini. Yaliota pembeni, chini ya gome, yakashikilia ukingo wa kisiki. Kadiri yanavyonenepa yanasukumana, na kadiri kisiki kinavyooza, kile yanachokishikilia kinapungua. Siku ya upepo, chipukizi zima hubanduka kwenye kisiki na kwenda chini na majani yake, bila mzizi hata mmoja kung'oka.

Dawa yake ipo, lakini ni ya mapema. Unapokata, kata chini kabisa, kisiki kisizidi kimo cha kiganja, ili chipukizi liote karibu na ardhi. Likishafika kimo cha mtu, chagua moja, basi, na lichague upande unaotoka upepo, kwa sababu hilo likisukumwa linasukumwa kuelekea kwenye kisiki na si kutoka humo. Shambani unaweza kuacha mawili kwa biashara. Karibu na nyumba usiache hata moja. Kisiki king'oe, kisha panda mti mwingine mahali pengine.

Kisa cha pili kinachotuhusu ni cha jirani anapovuna. Mipaina ya shambani hupandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, yaani kama miti 1,100 kwa hekta. Miti iliyosongamana hivyo inakimbilia juu. Inakuwa na shina jembamba, kichwa kidogo, na mizizi isiyowahi kujaribiwa, kwa sababu tangu utoto inakingana upepo. Halafu mnunuzi anafika na pesa taslimu, jirani anauza eneo lote, na ndani ya wiki moja palipokuwa na msitu pamebaki visiki. Mstari wako wa mpakani, uliokaa miaka 12 katikati ya wenzake, sasa ndio uko mbele. Hata kama hakuna aliyeugusa, umefanyiwa jambo kubwa: umevuliwa kinga. Mtu wa Mafinga au Kibao akisikia msumeno ng'ambo ya mpaka, aende akatazame mstari wake kabla mvua hazijaanza. Na mwenye kuuza, ni uungwana kumwambia jirani kabla ya lori kufika.

Tuinue macho sasa. Juu tunatafuta vitu vitatu. Kwanza, tawi lililokufa. Halina majani, gome limebanduka, na linaweza kushuka hata siku isiyo na upepo. Tawi kavu lililokatika likanasa juu ya matawi mengine ni baya zaidi, kwa sababu limekwisha kuachia na linasubiri kutikiswa. Pili, panda. Mashina mawili yakiachana kwa nafasi, kama herufi U, kwa kawaida yameungana vizuri. Yakibanana kama herufi V, na gome likawa limebanwa katikati yao, hapo mbao haijaungana. Ukiona ufa ukishuka kutoka kwenye panda hilo, au utomvu ukichuruzika, ujue yameanza kuachana. Tatu, alama ya radi: utepe mrefu wa gome uliochanwa kutoka kileleni kuelekea chini. Mti huo unaweza kupona, na unaweza kufa taratibu. Ufuatilie msimu mzima.

Uzio wa misaipresi nao una historia yake. Mwaka 1986 mdudu mdogo jamii ya vidukari aligunduliwa Malawi, akavuka kuja kwetu, na kufikia 1990 alikuwa amefika Kenya. Misaipresi mingi ilikauka imesimama. Mti uliokauka umesimama ni wa kuondolewa mapema, kwa sababu kila mwezi unaopita unazidi kuwa hatari hata kwa fundi atakayeukata.

Nikitaja kukata, nina ugomvi na jambo moja. Mwenye nyumba akiogopa urefu wa mti humwita kijana apande akate kichwa. Mitaa ya Forest pale Mbeya imejaa miti iliyokatwa vichwa. Mwaka wa kwanza roho inatulia. Kisha pale ulipokatwa panaanza kuoza, na pembeni yanatoka machipukizi mengi yenye haraka, yameshikilia gome tu. Baada ya miaka michache urefu umerudi uleule, lakini sasa umesimama juu ya kitu kibovu. Ni kisiki cha mlingoti kilichopandishwa hewani. Ukitaka kupunguza uzito, pogolea matawi machache yaliyochaguliwa, yasizidi robo ya kichwa kwa mara moja, na kila tawi likatwe kwenye uvimbe wake linapoungana na shina, bila kuacha kigutu na bila kulichubua shina.

Swali linalofuata ni la umbali. Mti mbovu ulio katikati ya shamba tupu ni makazi ya ndege na nyuki. Hatari inakuja pale chini yake panapokuwa na mtu au mali. Kwa hiyo pima. Chukua fimbo nyoofu, ishike kwa mkono ulionyooshwa, iwe wima, na sehemu iliyo juu ya ngumi yako iwe na urefu sawasawa na umbali kutoka jichoni mwako hadi kwenye ngumi. Rudi nyuma, ukitazama kwa jicho moja, mpaka ncha ya fimbo ikutane na kilele na ngumi ikutane na kitako cha mti. Simama. Umbali kati yako na mti ndio urefu wa mti. Kama uwanja wako una mteremko, kama ilivyo kwa wengi wetu, rudi nyuma ukifuata usawa wa kilima, usipande wala kushuka. Sasa geuka uone ni nini kiko ndani ya umbali huo kila upande: chumba, jiko, choo, banda la ng'ombe, waya wa umeme, njia ya shule.

Wakati mwingine jibu ni kuhamisha kilicho chini na kuuacha mti. Benchi la wateja wa mama lishe linahamishika. Maegesho ya bodaboda yanahamishika. Mti wenye miaka 60 hauhamishiki, na kivuli chake hakirudi kesho. Tena kumbuka habari ya mipaina: ukiondoa mti mmoja, uliokuwa nyuma yake unakuwa mbele. Anayefyeka yote kwa hofu anajitafutia upepo wa kung'oa bati ambao miti ile ilikuwa inauzuia.

Lakini ukilazimika kukata, fuata taratibu. Mti uliogusa au ulio karibu na waya wa umeme usiupande, waite TANESCO. Mti ulio kwenye hifadhi ya barabara kuu, ambayo kwa Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati, si wako hata kama aliupanda babu. Sheria ya Misitu ya 2002 nayo ina miti ya asili iliyohifadhiwa, isiyokatwa bila kibali. Muulize ofisa misitu wa wilaya. Fundi naye umchague. Kuangusha mti shambani ni kazi moja, kuushusha vipande vipande katikati ya nyumba mbili ni nyingine. Muulize ana kamba, ana kofia ngumu, na atasimama wapi mti ukienda asikotaka. Asiye na jibu la swali la tatu, mshukuru umuage.

Mti ukiwa wa jirani, anza kwa kuzungumza naye, na umwonyeshe ule ufa au ule uyoga kwa kidole. Asipofanya kitu, mwandikie barua, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji. Si uchokozi. Kesi ya uzembe ikifika mahakamani, jambo linalotazamwa ni kama mwenye mti alijua, au alipaswa kujua, kwamba mti ule ni hatari, na akafanya nini. Barua ile inamwondolea nafasi ya kusema hakujua. Na wewe ukipokea barua ya namna hiyo, usiitupe.

Ukaguzi wenyewe ufanye mara mbili kwa mwaka: Oktoba kabla ya mvua, na Mei mvua zikikatika. Uanze chini umalizie juu, uzunguke mti wote, na umchukue mzee anayekumbuka mtaro ulipita wapi. Mti ukiwa na dalili moja, ufuatilie. Ukiwa na dalili mbili na nyumba iko ndani ya urefu wake, tafuta mtaalamu mwezi huohuo. Na mti ukiangukia nyumba yenye watu, namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, haina malipo.

Wiki ijayo tutazungumzia umbali wa kupanda mti mpya na nyumba, na miti inayofaa uani kwa hali ya hewa yetu. Ila aliyekwisha kuona ufa kwenye udongo asingoje kipindi cha wiki ijayo. Ahamishe watoto usiku wa leo.